Magoti ya Zoraida

Orosi, 6 Juni 2011

Mdogo wangu Tobías,

Kwa miaka arobaini na mitatu mimi na wewe tumemficha Zoraida jambo moja: kwamba mwaka 1968 sikuwa mgonjwa. Sikuwa na uvimbe tumboni, wala kidonda, wala hata kiungulia. Naliandika waziwazi kwa mara ya kwanza, maana hata sisi wawili hatujawahi kulitamka tangu siku nilipopanda basi kutoka kwako Nicoya kurudi nyumbani. Masikio yako hayapokei simu tena, na hili si jambo la kupigiana kelele kwenye waya mke wangu akiwa chumba cha pili. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza habari za goti. Alipasuliwa tarehe kumi na mbili Mei, mguu wa kulia. Wamelitoa lake, wamemtia la chuma. La kushoto nalo limekwisha, lakini wanafanya moja kwa wakati. Daktari wa mifupa alinifuata kwenye benchi baada ya kumaliza. Akaniuliza, "Mzee, mkeo alikuwa anafanya kazi gani? Kusugua sakafu?" Nikamwambia alikuwa mshonaji. Akasema, "Mshonaji hukaa kitako." Wewe unaijua sakafu yenyewe: ile ya basilika ya Cartago, kutoka mlangoni hadi altareni kwa magoti, kila tarehe mbili Agosti, na mimi nikitembea pembeni yake nimemshikia viatu.

Sasa mimi ndiye muuguzi wa nyumba. Asubuhi namvalisha soksi ya kubana, kazi ya dakika ishirini kwa vidole vyangu hivi. Wiki tatu za kwanza nilikuwa namchoma sindano ya tumboni ili damu isigande, na kila mara mimi ndiye niliyefumba macho. Maharage nayaunguza. Maji moto ya sukari guru ndiyo peke yake anayoyasifu, na hayo hata wewe ungeyaweza. Mchana namwekea barafu, mvua ikipiga bati, halafu tunaanza zoezi la kukunja. Unakikumbuka kipimapembe changu kikubwa cha mbao, kile cha kuchorea ubaoni? Ndicho ninachompimia goti.

"Ngapi?"

"Sabini na mbili."

"Pima tena. Umekiweka upande."

"Zoraida, nimefundisha pembe miaka thelathini na moja."

"Ulifundisha pembe za chaki, mzee. Hizi zinauma."

Anajibidiisha kuliko wagonjwa wote, hata yule binti wa mazoezi anayepita Alhamisi amesema hajaona mwanamke wa miaka sabini na mitatu mwenye haraka namna hii ya kukunja mguu. Mimi najiona mwalimu hodari.

Sasa lililo zito. Mwezi Aprili, kabla ya upasuaji wake, daktari wa moyo alinikalisha akaniambia nisipande miche mipya ya kahawa. Nikamwelewa. Sikumwambia Zoraida, maana angeacha goti lake ili anishike mkono. Lakini nataka nimwambie lile la 1968 kabla sijaondoka. Jina lako limo. Barua aliyopelekewa ilikuwa na mhuri wako. Sitaki kufungua mdomo bila ruhusa yako.

Kaka yako,
Eladio


Nicoya, 14 Juni 2011

Kaka Eladio,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na hasira. Kwanza kwa ajili ya moyo wako, kwamba umekaa nao tangu Aprili na mimi, daktari uliye naye bure, naambiwa mwishoni mwa ukurasa wa pili, chini ya maharage.

Ruhusa sikupi. Mwanamke anajifunza kutembea upya, wewe unataka kumvuta mkeka miguuni. Umwambie ili nani apate usingizi? Yeye amelala vizuri miaka yote hii.

Mimi nakumbuka yote. Ulishuka stendi Aprili ya 1968 na sanduku moja. Aracelly wenu, aliyeishi siku kumi na moja tu, alikuwa na wiki tatu kaburini. Uliniambia huwezi tena kumsikia Zoraida akilia nyuma ya ukuta, kwamba umetoka kwake kwa kisingizio cha kupimwa tumbo. Nikauandika uvimbe huo, nikapiga mhuri, kwa sababu nilidhani utakaa wiki mbili, upumue, urudi. Ulikaa miezi minne. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na saba na leseni yangu ingebaki ya kufungia karanga tu kama mtu angejua.

Na kuna ile karatasi ya pili, uliyoniletea mwisho wa Julai nitie saini. Sikuitia, na sikuichana. Ipo kwenye mtoto wa meza yangu mpaka leo. Sasa niambie, mwalimu: ukimfunulia uvimbe, utamfunulia na karatasi? Kama huwezi kusema yote, nyamaza yote. Nusu ya kitu kama hiki ni uongo mwingine.

Meza dawa zako. Usinyanyue sufuria kubwa.

Mdogo wako,
Tobías


Orosi, 21 Juni 2011

Shemeji Tobías,

Salamu nyingi. Usimwambie Eladio kwamba nimekuandikia. Barua hii nampa jirani yangu Fidelina aipeleke posta akienda sokoni.

Nina swali la kidaktari. Goti la chuma linaweza kupigwa chini? Daktari wa hapa amesema nisipige magoti tena maisha yangu, kwamba mshono unaweza kufunguka na chuma kulegea, na kwa umri wangu hawatanirudia. Lakini yeye ni kijana, na hajui nilichoahidi. Wewe unajua, maana ilitokana na barua yako.

Siku niliposoma maneno yako, kwamba uvimbe wa Eladio ni wa kuogopesha na kwamba atabaki kwako kwa matibabu, nilikuwa nimeketi kando ya kitanda cha mtoto, hakijavunjwa bado. Sikulia. Nilikwenda Cartago kwa yule Bikira Maria mdogo wa jiwe jeusi, nikamwambia: umemchukua Aracelly, huyu hapana. Niachie Eladio, nami kila mwaka siku yako nitaingia kwa magoti, maadamu nina uhai. Nilimtundikia na tumbo dogo la fedha pale wanapotundika mikono na mioyo ya fedha watu wanaoomba kuponywa. Wiki tatu baada ya kuingia kwa magoti mara ya kwanza, mume wangu alisimama mlangoni, mzima, amenenepa hata. Ninyi madaktari mlifanya kazi yenu na sikuidharau. Lakini nilijua ninadaiwa nini.

Sikusema maadamu nina magoti, shemeji. Nilisema maadamu nina uhai.

Na sasa ugonjwa umerudi. Anadhani sioni. Midomo yake ni ya bluu asubuhi. Kutoka jikoni hadi kitandani kwangu anasimama mara tatu, na mara zote tatu anajifanya anatazama kitu ukutani, na ukuta ule hauna kitu. Dawa anazificha kwenye bati la sukari guru, eti mimi sitalifungua kwa sababu sisimami. Umerudi mwezi uleule niliolazwa na kuambiwa nisipige magoti. Unadhani mimi siwezi kujumlisha kwa sababu nimeolewa na mwalimu wa hesabu?

Ndiyo maana najikunja. Yeye anafurahia pembe zake kama mtoto, nami namwacha afurahi. Nimeuliza, nikaambiwa: mtu akifika digrii mia na ishirini, anaweza kupiga magoti. Akisinzia mchana nateremka kwenye zulia na mto. Juzi nilishindwa kuinuka. Nilikaa chini kama gunia hadi Fidelina alipoingia, akaniambia, "Bibi Zoraida, ukitafuta mende niambie mimi." Hakumwambia Eladio. Mwanamke mwema.

Basi nijibu mambo mawili. Goti litavumilia mara moja, tarehe mbili Agosti? Na uvimbe wa aina ile uliomtibu, hurudi baada ya miaka mingi hivi?

Shemeji yako,
Zoraida


Nicoya, 29 Juni 2011

Kaka,

Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyoombwa nisikuonyeshe. Isome ukiwa umeketi.

Nimekaa na kalamu siku mbili nikijaribu kumjibu, na siwezi. Kila jibu ninaloweza kumpa kuhusu uvimbe lina mhuri wangu wa 1968 juu yake. Nilikuandikia unyamaze. Nafuta. Akipiga goti lile atabaki kitandani maisha yake yote, na wewe hutakuwepo kumvalisha soksi. Na asipolipiga, ukafa, atazeeka akiamini alikuua kwa kutopiga magoti.

Mwambie. Lakini niliposema yote au usiseme kitu, nilisema kama mtu asiyehusika. Sasa nasema kama mzee mwoga: karatasi iache kwangu. Mwambie ulikimbia, na mwambie barua yake ndiyo iliyokurudisha. Mimi nimeamini hivyo siku zote. Nilikukabidhi ile barua yake ya Agosti asubuhi, na keshokutwa yake ulikuwa stendi na sanduku. Hilo litampa kitu cha kushika.

Usingoje.

Tobías


Hospitali, Cartago, 19 Julai 2011

Zoraida mke wangu,

Fidelina atakuletea barua hii pamoja na nguo zangu chafu. Mwambie asamehe. Nimelala karibu na dirisha, na kwa mbali naona mahujaji wa kwanza wanaotoka mbali wakipita na mafimbo yao. Wauguzi ni wapole. Wameniambia moyo wangu umechoka, ndiyo maana nilianguka pale jikoni, na ndiyo maana ya midomo ya bluu. Ni moyo. Si tumbo.

Nilikuwa na wiki mbili nzima za kukuambia haya nikiwa nimeketi kwenye kigoda mbele ya mguu wako. Barua uliyomwandikia Tobías alinitumia. Usimkasirikie. Niliiweka mfukoni, na kila mchana nilikuja na barafu na kipimapembe, nikasema leo, halafu nikapima. Tena nilikupunja. Ulipofika mia na nne nilikuambia tisini na sita. Nilidhani utakata tamaa na kuacha. Ukauma meno, ukazidi kujikunja, nami nikazidi kukupunja. Hata hapo nilifanya makosa ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingefanya: nilidhani wewe ni mtu wa kukata tamaa.

Sikuwahi kuwa na uvimbe, Zoraida. Mwaka ule sikuwa na ugonjwa wowote. Barua ya Tobías ilikuwa ya uongo na mimi ndiye niliyemsihi aiandike. Nilikimbia. Tulikuwa tumemzika Aracelly, na usiku na mchana nilikusikia nyuma ya ukuta, na badala ya kuingia chumbani nilitafuta kisingizio cha kutoka nyumbani. Hapakuwa na mwanamke mwingine. Laiti angekuwepo, ungekuwa na mtu wa kumtukana. Nilikaa Nicoya nikifundisha hesabu watoto wa wenyewe, nikila samaki, nikinenepa. Uliona sawa kwamba nilirudi nimenenepa.

Na kila mwaka tangu hapo nimetembea kando yako nikiwa na viatu vyako mkononi, nikitazama dari. Nimepima urefu wa sakafu ile kwa hatua zangu mara nyingi. Ukiijumlisha miaka yote, umetambaa karibu kilomita tatu kwa ajili ya ugonjwa usiokuwepo. Jioni nilikukanda magoti kwa maji ya chumvi, ukaniambia, "Una mikono mizuri, Eladio." Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Lakini hukutambaa bure. Barua yako ya Agosti, uliponieleza ulivyoingia kwa magoti na kwamba soksi zako zilishikamana na ngozi, niliisoma uani kwa Tobías mara tatu. Nilifunga sanduku nikarudi kwako. Ni maneno yako yaliyonirudisha. Nataka ujue hivyo.

Sasa nadhiri haina deni. Usipige goti. Nakuomba.

Mumeo,
Eladio


Orosi, 23 Julai 2011

Eladio,

Nilisoma barua yako mara moja. Kisha nikamwambia Fidelina aimwage supu uliyoniachia kwenye friji. Akasema, "Bibi, ina nyama nzuri." Nikamwambia basi aile yeye, lakini isiwe mbele yangu.

Sikukuandikia siku tatu kwa sababu yale niliyokuwa nayo hayakufaa kuandikwa kwa mgonjwa. Nakuachia moja. Ulipoondoka maziwa yalikuwa bado yananitoka. Nilifunga kifua kwa kipande cha shuka, yakapita. Mtoto hayupo, na wewe hupo, na mwili haujaambiwa. Hilo nilikuwa sijakuambia kwa sababu ulikuwa mgonjwa na sikutaka kukuongezea. Kumbe nilikuwa namhurumia mtu anayekula samaki.

Tobías nitamwandikia mwenyewe, barua ndefu, na atahitaji miwani.

Lakini nimeketi na barua hii, mguu juu ya kigoda chako, na nimefika mahali. Sikiliza. Unasema ulikimbia. Unasema barua yangu ilifika, ukasoma habari za soksi zangu, ukafunga sanduku. Basi mimi sikukosea, Eladio. Nilimwomba Bikira akuachie, na alikuachia. Ugonjwa ulikuwepo, ila haukuwa tumboni. Lile tumbo la fedha limekosea kiungo, basi. Nilipaswa kutundika miguu. Ningeomba nikiwa nimesimama, ningekuandikia barua ya mtu aliyesimama, na wewe ungebaki Nicoya. Ni magoti yaliyokurudisha. Umesema mwenyewe, kwa mwandiko wako mzuri wa ualimu.

Na sasa moyo. Bikira akiweza kuwarudisha watu kutoka Nicoya, hashindwi na moyo.

Kwa hiyo nitakwenda tarehe mbili. Nimefika mia na kumi na nane, nimejipima kwa kipimapembe chako, na kwangu hakipunji. Shemejiye Fidelina ana gari, atanishusha mlangoni. Nimewaza yote: mto wa sponji nimeushonea ndani ya sketi. Goti likifunguka, lifunguke. Lilikuwa lako kabla halijawa la chuma.

Nimekukasirikia kama sijawahi kumkasirikia mtu. Pona nikukasirikie ana kwa ana.

Zoraida


Hospitali, Cartago, 27 Julai 2011

Zoraida,

Naandika kidogo kidogo, kwa hiyo mistari itapanda na kushuka. Leo asubuhi daktari alipita akakaa pembeni ya kitanda, na daktari anayekaa unamjua. Sidhani nitafika tarehe mbili.

Habari ya maziwa nimeisoma.

Hapana, Zoraida. Usiende kwa magoti. Nenda ukitaka, uketi kwenye benchi kama bibi mwenye goti jipya, Fidelina akushikie mkoba. Lakini sakafuni usishuke, na nitakuambia kwa nini, na ukishasoma utaacha hata kunikasirikia, maana hasira ni ya mtu uliyekuwa ukitarajia kitu kutoka kwake.

Nilikudanganya tena wiki iliyopita. Tobías alinishauri nikuachie kitu cha kushika, na nilidhani nakuachia faraja. Nilikuwa nakuachia sakafu. Uliponijibu na kunipigia hesabu yako, sikuona kosa ndani yake. Hesabu yako ni sahihi. Ni namba niliyokupa ndiyo ya uongo.

Kwenye mtoto wa meza ya Tobías kuna karatasi. Niliiandika mimi, mwisho wa Julai mwaka 1968, siku ambazo wewe ulikuwa ukijiandaa kwenda Cartago. Ni barua kwako kutoka kwa Tobías. Inasema kwamba mumeo Eladio Quirós amefariki mezani wakati wa upasuaji, hakuteseka, na amezikwa hapohapo Nicoya kwa sababu ya joto. Ilikuwa imebaki saini na mhuri. Nilikuwa nimepata nafasi ya kufundisha upande wa pili wa mpaka, kwa jina la mama. Nilitaka uwe mjane, Zoraida. Nilijiambia ni huruma: wewe ungelia mara moja, kwa jambo lililokwisha. Niliiandika kwa mwandiko ule unaousifu.

Tobías alikataa. Nilimwomba siku kumi na tano. Mwambie nilikuambia hivyo, akiwa na miwani au bila miwani: uvimbe aliuandika, lakini kunizika alikataa. Alisema, "Kaka, nilikupa ugonjwa. Kifo utakitafuta mwenyewe." Tarehe kumi na tisa Agosti alinipa jibu la mwisho, kwamba nikiondoka kwenda popote isipokuwa kwako atapanda basi aje akuambie kila kitu. Ndipo nilipokata tiketi. Hakuna aliyeniita. Sikuwa na pengine pa kwenda.

Moyo wangu unasimama kwa sababu una miaka themanini na mitatu. Hukuusimamisha wewe ulipolazwa. Hakuna mtu aliyekudai kitu, na kama yule Bikira mdogo anasikia, basi miaka yote amekuwa akikuona ukija na damu kulipia kitu ambacho hakukupa, na sijui alikuwa akiwaza nini juu yangu niliyesimama pembeni na viatu.

Soksi mpya ya kubana ipo kwenye kabati, droo ya pili. Anza kwa kuigeuza nje hadi kisigino, ndiyo njia rahisi. Mwambie Fidelina asikimbize vidole. Digrii mia na kumi na nane zinatosha kupanda ngazi, kupanda basi, na kukaa kwenye kiti cha chini. Zinatosha kwa maisha. Mbili zilizobaki kufika mia na ishirini zilikuwa za kwangu, na sizihitaji.

Limebaki moja. Siku ile ya Agosti nilipofika, mvua ilikuwa imeanza, ukafungua mlango ukiwa na vitambaa bado vimefungwa magotini. Ulinikumbatia hapo hapo kizingitini, ukaniuliza kwenye shingo, "Ulipata barua yangu?" Nikasema nimeipata, nikasema imeniponya. Ukacheka, na tangu kumzika mtoto nilikuwa sijakusikia ukicheka.

Niliisoma mwezi Novemba, siku uliyokwenda Paraíso kumpima bibi harusi nguo. Pale mlangoni ilikuwa mfukoni mwa koti langu, imebanwa kati ya kifua chako na changu, na haikuwa imefunguliwa.

Eladio